Hotuba ya Kustaafisha Spika za Zamani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye ndiye mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuiandaa Kamati hiyo, kina mama wenye subira, vijana wenye vipaji, wanamuziki wenye nyimbo na wasio nazo, mke wangu mpendwa uliyeketi karibu na feni, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa, izingatieni wenyewe. (Makofi.)

Nimesimama katika ukumbi huu wenye viti vipya vya plastiki, vingine bado na nailoni yake, nikiwa na furaha isiyopimika, ijapokuwa ofisi yangu imeipima na kukuta imepanda kwa asilimia mia moja na kumi, ili kuzindua rasmi Mradi Mkakati Jumuishi wa Kidijitali wa Kuwawezesha Wanamuziki Kusikilizwa na Kulipwa, ambao kwa kifupi tunauita Mradi. (Makofi. Mtoto analia.)

Asante, mtoto. Hiyo ndiyo sauti ya kizazi tunachokitumikia.

Ndugu zangu, zamani mtu akipenda wimbo alinunua kanda, na redio ikiitafuna kanda, aliizungusha kwa kalamu na akaendelea kupenda. Ikaja sidii, mkaifutia pindo la shati. Ikaja memori kadi, nyimbo mia tano ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha, mkaipoteza kwenye mfuko wa koti. Leo wimbo hauna hata pa kuushika: unaupanga kama chumba, na ukichelewa kulipa, unatolewa wewe, wimbo unabaki. (Kicheko.) Haya ndiyo maendeleo, na mimi nimeyasomea semina mbili.

Ndiyo maana tuliwaomba mlete hapa mbele redio zenu, deki zenu na spika zenu zote za zamani, tuzistaafishe kwa heshima, na kila aliyeleta apokee leo hii kifaa cha kisasa kisicho na waya, kutoka kwenye maboksi yale mnayoyaona yamepangwa nyuma yangu kwa ustadi mkubwa. (Makofi marefu. Mama mwenye mtoto mgongoni, fundi cherehani na mwimbaji wa bendi ya harusi, anasimama: "Mheshimiwa, spika yetu ni ile nyeusi yenye betri ya gari. Ina harusi leo saa kumi, na hatuna nyingine. Hicho kipya kitatosha ukumbi?")

Swali zuri, mama. Kitatosha ukumbi, kitatosha mtaa, ukikiwasha jikoni kitasikika kwenye ndoto za jirani. ("Tuoneshe basi, kabla hujachukua chetu!" Huyo ni wifi yake, mpiga kinanda. Kicheko.)

Nitawaonesha, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno. Hotuba hii ina kurasa thelathini tu. Hiki kinachowaletea sauti yangu sasa hivi ndicho kifaa chenyewe cha pailoti, yaani cha majaribio. Hakina waya, hakina kitufe, hakina kelele, hakina... (Kifaa kinasema: "Imeunganishwa." Kisha inatoka sauti ya mwanamke: "Baba Pacha, uko wapi? Gesi imeisha, na hiyo kazi yako ya leo mbona ina makofi?" Kicheko kikubwa. Mwanamume mmoja nyuma anapapasa simu yake na kutoka nje mbio.)

Hiyo ndiyo inovesheni! Kifaa kimejitafutia mteja chenyewe, bila kumsumbua afisa yeyote, na ninaweza kusema bila... (Kifaa: "Betri iko chini." Sauti inakatika. Midomo ya Mheshimiwa inaendelea. "Hatukusikii!" "Mwacheni, afadhali!" Mama yule anamletea maikrofoni ya bendi, yenye waya, na kuichomeka kwenye spika nyeusi.)

Haloo. HALOO. ("Tunakusikia sana! Punguza!") Asante, mama. Tuseme hii ni teknolojia ya mpito.

Sasa malipo. Wimbo ukisikilizwa, mwimbaji atapata senti, si senti nzima, ila harufu yake ataipata. Na wimbo uwe mfupi, kiitikio kitangulie, kwa maana utafiti wetu na mastekiholda umebaini kwamba msikilizaji wa kisasa anauruka wimbo kabla mwimbaji hajavuta pumzi. (Mama: "Mimi nikimwimbia huyu wangu analala katikati. Huyo amesikiliza au ameruka?") Hilo litakwenda kwenye warsha. ("Na harusini, wanaporudia wimbo mmoja mpaka bibi harusi avue viatu?") Warsha ya pili.

("Basi warsha njema, Mheshimiwa. Saa tisa na nusu hii, bibi harusi ameshavaa. Wifi, shika upande huo.") Mama, subiri, hiyo sasa ni mali ya uzinduzi. Mama, waya wa maikrofoni haufiki huko. Mama! (Spika inapakiwa kwenye mkokoteni. Mkokoteni unaondoka. Mheshimiwa anaufuata, waya umenyooka.)

Ndugu wananchi, kama mnavyoona, Mradi umeingia awamu ya utekelezaji mitaani! (Makofi. Ukumbi mzima unatoka nyuma yake.) Upande wa kulia ni fundi simu, mdau wetu, anatupungia bisibisi. Taratibu hapo, mama, kuna shimo. Shimo hili limo kwenye bajeti. Jamani, turudini! Mkiondoka na hii spika, mimi nitabaki na nini?

(Mkokoteni unasimama. Mama anageuka: "Mheshimiwa, hii ndiyo inayonilishia mtoto. Niambie kweli, kwenye yale maboksi mna nini?")

Kwenye yale maboksi, mama, mna maboksi madogo. ("Na kwenye hayo madogo?") Kwenye hayo, mama, mna matumaini. (Kicheko mpaka mtoto anacheka.)

Basi nimalizie. Wanamuziki! ("Juu!") Spika nyeusi! ("Juu zaidi!") Maboksi! ("Chini!") Nawashukuru waliochapisha fulana, kwa kuwa ni hapo tu Mradi huu ulipoandikwa. Nawashukuru wapiga picha, maana picha ya lile lundo la redio zenu ndiyo tuliyoihitaji kuwapelekea wafadhili, ambao nao bado tunawatafuta. Kila mwenye redio akaichukue, mlango sijaufunga. Namshukuru mke wangu, aliyeniambia asubuhi nisije. ("Nilikwambia!") Na wewe, mama, nakushukuru kwa sauti. ("Karibu, Mheshimiwa. Tumefika kwenye harusi, lete maikrofoni.") Nakupa, ila kwanza, kwa niaba ya ofisi yangu, naomba niwape maharusi takwimu chache... ("Lete!")

(Mama anachukua maikrofoni, anafungua mbeleko, anamkabidhi Mheshimiwa mtoto amshikie, na anaanza kuimba.)