Ulimi Wangu na Kidude cha Asnath

Jumatatu, 18 Julai 2016

Siku mbaya. Mzee Elikana, mwenye machimbo yetu ya chumvi huku njia ya Simbo, kaleta mtaalamu. Msichana! Anaitwa Asnath, katokea Same. Kaniamkia shikamoo. Nikamjibu kwa Kiha, makusudi, ajue yuko ugenini. Akacheka tu.

Kaja na kidude cha mkononi. Unadondoshea tone la maji ya kisima, kinatoa namba: chumvi kiasi gani. Mzee kasema sasa tuna oda ya chumvi ya kambini kwa wakimbizi, oda kubwa, hatuwezi kubahatisha kwa ulimi wa mtu. Ulimi wa mtu! Ni wangu huo! Miaka ishirini na miwili mimi ndiye naonja visima na kusema maji gani yachemshwe na yapi yaachwe, kuni zisiungue bure.

Jumanne, 19 Julai

Nimemwambia Mzee kwamba kidude hakina uzoefu. Kasema sawa, Alhamisi tushindane. Ndoo mbili, kila mmoja atoe hukumu yake, kisha zichemshwe mbele ya watu. Nikishinda, nabaki muonjaji. Nikishindwa, nahamia kupasua kuni. Mimi! Na mgongo huu!

Jumatano, 20 Julai

Nimejifanya rafiki. Nimempelekea Asnath dagaa wa Kibirizi, nikamwomba anieleweshe kidude. Kaeleza yote, maskini. Kasema hata viwanda vya juisi vinacho, vinapimia sukari. Chenyewe hakijui hiki ni chumvi au sukari, kinaona tu maji yamebeba kitu.

Nikaaga haraka. Kichwa kilikuwa kinachemka.

Mpango: ndoo moja ya maji hafifu, natia sukari. Kidude kitasema chumvi kali. Mimi nitasema hafifu. Zikichemshwa, aibu yake! Nimechukua kilo mbili za Verediana, mke wangu, alizozipangia foleni, sukari ilivyoadimika mwaka huu. Nimemwambia zimeliwa na sisimizi. Kauliza, na mfuko wake pia? Nimetoka nje.

Alhamisi, 21 Julai

Ndoo ya kwanza, mimi na kidude tumekubaliana. Ya pili, kidude kimesema kali kuliko kisima chochote cha hapa. Mimi nikaonja, nikafumba macho, nikatema pembeni. Hafifu, nikasema, msipoteze kuni. Asnath akafuta kidude, akapima tena. Namba ileile! Nilitamani kuimba.

Bi Leonia, mchemshaji wetu, akaweka sufuria motoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mpango wangu ulikuwa umeishia kwenye ndoo. Maji yakapungua, chumvi nyeupe haionekani. Likabaki dude la kahawia, linanata, linanukia kashata. Bi Leonia kaonja. Kasema limeungua kidogo ila ni tamu.

Mzee akaniuliza taratibu: Gervasi, ulimi wa miaka ishirini na miwili haukusikia sukari?

Jamani. Nikisema haukusikia, ulimi umekufa na kazi imekufa. Nikisema ulisikia, basi itajulikana ni nani aliyetia. Nimewaza sana, labda sekunde tatu. Kisha nikasema kwa sauti: ulisikia! Kilo mbili kamili! Nimetia mwenyewe!

Wamecheka mpaka Bi Leonia kakaa chini. Mimi sikucheka. Iliniuma, niseme kweli.

Ijumaa, 22 Julai

Nimepasua kuni tangu asubuhi. Mchana Asnath kaenda kuniombea kwa Mzee. Kamwambia ndoo ya kwanza niliipatia sawasawa, mtu kama huyu afundishwe, asitupwe. Mzee kanung'unika, kakubali. Nitapima kwa kidude, Asnath ataniongoza. Macho yalilowa, nikasingizia moshi.

Nimeapa mbele ya Verediana: ujanja basi. Kasema nianze na sukari yake.

Jumatatu, 25 Julai

Kidude kimegoma asubuhi. Asnath kakifungua, hamna betri ndani. Kashangaa sana. Nami nimeshangaa, tena kumzidi. Nyingine mpaka zitoke Kigoma mjini keshokutwa. Mzee hana ujanja, kaniita visimani. Nimeonja vyote vitatu, polepole, watu wote wamesimama kimya wananisubiri mimi. Raha iliyoje!

Jioni nimezitia betri kwenye redio yetu. Zimeenea kabisa. Verediana kauliza zimetoka wapi, nimemwambia aache maswali ya kipolisi. Nimeiweka dirishani, upande wa nyumba ya jirani alikopanga Asnath. Yuko mbali na kwao, apate burudani kidogo. Nimefungulia sauti mpaka mwisho.

Kuna mtu anapiga hodi. Bila shaka kaupenda muziki.