Haidrojeni Imemrudisha Mke Wangu Makere

Stanislaus Nkunzimana,
Katibu wa Kamati ya Maji ya Kijiji,
Busunzu, Kibondo.

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Wasomaji,

YAH: SERIKALI KUTAKIWA KUFIKA MAKERE IKIWA NA POMBE YA NDIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini wewe na wenzako wote wa ofisini ni wazima. Mimi ni mzima kiasi. Nasema kiasi kwa sababu naandika nikiwa nimetoka kula maharage yaliyoungua chini na kubaki mabichi juu, niliyoyapika kwa mikono yangu mwenyewe, jambo ambalo sikulitegemea katika ndoa yangu.

Mimi si mtu wa ugomvi. Ni mkulima wa muhogo na maharage, kanisani nakaa mbele, na ukatibu wa kamati ya maji nimeushika muda mrefu bila kulalamikiwa na mtu, isipokuwa wale wanaolalamika kila siku. Lakini safari hii yamenifika kooni. Naomba uyachapishe maneno yangu bila kuyapunguza, ili yawafikie wanaohusika na nishati. Wamenivunjia nyumba, na sidhani kama wana habari.

1. Kosa lilianzia redioni. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumekaa uani mimi na mke wangu Immakulata, yeye akipepeta maharage, mimi nikimwangalia. Akaletwa mtaalamu mmoja mwenye sauti nzuri. Akaeleza kwamba maji yakipitishiwa umeme yanatoa hewa iitwayo haidrojeni, na hewa hiyo ukiiwasha inawaka bila moshi wala majivu, inaacha mvuke wa maji tu. Akasema shida ni bei. Kuitengeneza kwa njia hiyo safi bado ni ghali kuliko kuitoa kwenye gesi ya ardhini, kwa hiyo yeye anaishauri serikali ibebe sehemu ya gharama mpaka bei ishuke na mtu wa kawaida aweze kuimudu.

Immakulata aliacha kupepeta. Akaniuliza kama nimesikia. Nikajibu kwamba nimesikia, na nikaongeza kwa nia njema kabisa kwamba huyo bwana anatupotezea muda, maana nishati nafuu tunayo tayari: kuni ni bure.

Ndugu Mhariri, mwanamke aliuweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kile kitenge chake cha safari, akapanda basi la Kasulu akaenda zake kwao Makere. Watoto wetu wote wana miji yao, kwa hiyo nyumbani nimebaki mimi na redio, na redio siku hizi siifungulii.

2. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na bado naona nilisema kweli. Tangu nimwoe Immakulata sijapata kuona kuni zikikosekana kwangu. Jioni nikirudi, kuni zipo. Asubuhi nikiamka, kuni zipo. Sijawahi kuzinunua, sijawahi kuzibeba, na sijui hata zinatokea upande gani wa kijiji. Kitu kinachofika nyumbani kwa mtu bila yeye kutoa chochote, tukiiteje kama si bure?

Mwalimu Prudence, anayefundisha sayansi hapa kijijini, alidai kwamba katika hesabu ya kuni kuna pia shingo na mgongo wa mtu, na kile kikohozi cha moshi. Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi ni katibu, nimeandika bajeti nyingi, na sijawahi kuona mahali palipoandikwa shingo. Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayekuja bombani na pipa.

3. Sasa nazungumza kama katibu wa kamati. Je, huyo mtaalamu anajua foleni ya maji ilivyo? Hata leo, wakati maji ni ya kunywa na kuogea tu, akina mama wanaoneshana vidole kwa sababu ya ndoo iliyotangulia. Yakishakuwa mafuta itakuwaje? Nani atasimama pale kuuliza nani anachota ya kunywa na nani anachota ya kuwasha? Ni mimi. Leo ndoo ikimwagika watu wanacheka. Kesho ikimwagika wakimbie?

Halafu kuna suala la bati langu. Linavuja, na Kibondo mvua zetu hazina mchezo. Masika nalala na beseni miguuni. Nikikubaliana na huyo bwana wa redioni, basi miaka yote hii nimekuwa nalala chini ya kituo cha mafuta bila leseni.

4. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo serikali inapoingia yenyewe. Huku kwetu mke akirudi kwao kwa ugomvi, mume anamfuata na pombe na msemaji. Mume mwenyewe siku hiyo haongei. Anakaa chini anatazama vidole vyake vya miguu. Wazee wa upande wa mke wanauliza nani aliyekosa, msemaji anataja kosa, mkosaji anaomba radhi kwa pombe aliyoileta, watu wanakunywa, mume anapewa mkewe. Ni utaratibu mzuri na haujawahi kunisumbua.

Nilibeba dumu la pombe ya ndizi, ile nzuri, nikamchukua jirani yangu Ndayikeza awe msemaji. Kosa langu ni kwamba ndani ya basi nilimpa yeye dumu alipakate. Tulipofika Makere alikuwa ameshafurahi. Baba mkwe wangu, Mzee Harerimana, akauliza kama ilivyo desturi: nani amemkosea binti yetu? Ndayikeza, badala ya kusema ni mimi na kinywa changu, akataka kuniokoa. Akasimama, akavuta pumzi, akasema aliyekosa ni serikali. Eti ndiyo iliyomtamanisha binti yao moto usio na moshi na mpaka leo haijauleta. Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshakaa.

Wazee wakanong'onezana. Mzee Harerimana akasema "ego", yaani ndiyo, wamekubali, na wanafurahi kusikia kwamba mukwe wao hana hatia hata kidogo. Kwa kuwa hana hatia, pombe yake wataipokea kama zawadi ya mgeni, na asante sana. Pombe ya kumrudisha binti italetwa na mkosaji. Serikali ikija, wapo.

Wakainywa yote. Immakulata alikuwa chumba cha pili, nikamsikia anacheka. Kicheko chake nakijua, kinaanzia puani. Nilikuwa sijakisikia tangu Jumapili ile, na nasema wazi kwamba nakikosa kuliko ninavyoukosa ugali wake, na ugali wake naukosa vibaya sana.

5. Kutokana na hayo, naomba serikali imtume mwakilishi Makere haraka. Si lazima awe mkubwa. Afisa wa kati mwenye adabu atatosha. Masharti ni haya: dumu alibebe mwenyewe, na asimpe msemaji wake alishike. Asije na gari la king'ora, mama mkwe ana kuku wanaoatamia. Miwani ya jua avue. Akae kwenye kigoda kifupi atazame vidole vyake. Na namsihi sana asiahidi kitu chochote kipya akiwa pale, kwa sababu mama mkwe wangu, Esteri, tunayemwita mabukwe, husikiliza kila neno, na ameshaanza kuuliza kama hiyo hewa ya maji inaweza pia kulima.

6. Nilipomweleza Mwalimu Prudence kuhusu barua hii, alisema nimekosea tangu mwanzo. Kwa maelezo yake, haidrojeni inatafutiwa unafuu kwanza kwa ajili ya viwanda vya mbolea, viwanda vya chuma na malori ya masafa marefu. Chungu cha maharage cha Busunzu hakimo.

Basi hilo ndilo lililonimaliza. Yaani hata ikishuka bei, jikoni kwangu haifiki, lakini mke ameshaondoka! Mbolea haijaachwa na mke. Lori halijaachwa na mke. Nimeachwa mimi. Kwa haki, kama serikali itabeba gharama za kiwanda kwa sababu haidrojeni ni ghali, basi kwanza ibebe gharama za mume ambaye haidrojeni imemharibia ndoa. Iitwe ruzuku ya waume. Na redio zetu, kabla ya kutangaza habari za namna hii, zitoe tahadhari ili mwanaume mwenye mke anayepepeta apate nafasi ya kuzima.

Na kama hayo yote hayawezekani, naomba mpango wenyewe usimamishwe mpaka Immakulata atakaporudi, na kuni zitangazwe rasmi kuwa nishati nafuu kuliko zote nchini. Haziombi ruzuku, hazihitaji umeme wala mtambo. Zinakuja zenyewe.

Nakomea hapo nisije nikaonekana nina hasira. Wasalimie wote: mhariri wa michezo, mchora katuni, mpiga chapa, mama anayewaletea chai na mlinzi wa getini. Hata yule mtaalamu wa redioni ukionana naye mpe salamu zangu, ingawa asidhani tumepatana.

Ni mimi mwananchi mtiifu, mwenye jiko lililopoa,

Stanislaus Nkunzimana

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii ilichelewa kutumwa, na katika kuchelewa yametokea mambo. Mabukwe Esteri aliniletea ujumbe kwa Ndayikeza, ambaye alikuwa amerudi Makere kuangalia kama serikali imefika na dumu lake. Ujumbe ulisema hivi: kwa kuwa serikali iko mbali, mukwe anaweza kusimama badala yake. Asilete pombe. Aje Makere, aende msitu wa huko atafute kuni kavu, azibebe kichwani mwenyewe mpaka jikoni kwa mabukwe. Immakulata ataziona, kisha ataamua.

Nilicheka, Ndugu Mhariri. Nilimwambia Ndayikeza kwamba wakwe zangu wamekuwa wepesi, wananidai kitu cha bure.

Msitu uko mbali. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Miti ya karibu imekwisha, ukifika unapoona kuni unakuta wenzako wamezipitia jana, na zile zilizobaki zina siafu. Sikubeba ngata kwa sababu niliona kujikunjia kitambaa kichwani ni mapambo ya akina mama. Njiani nilipumzika mara nyingi sana. Akina mama wenye mizigo mikubwa kuliko wangu walinipita wakiendelea na maongezi yao, mmoja akanipa pole, na pole yenyewe haikuwa ya kweli. Nilipoutua mzigo Makere, mabukwe aliuzunguka, akasema utaivisha sufuria moja ya maharage, kama si mengi.

Immakulata alitoka. Akaifungua kamba, akachukua kijiti kimoja, akanusa, akasema mti huu una moshi. Kisha akaniangalia shingo, ambayo mpaka sasa haigeuki upande wa kushoto. Nilitaka kumweleza kwamba sikujua. Sikuweza, nilikuwa bado nahema. Akaingia ndani, akarudi na ngata yake mwenyewe, ile ya kila siku, iliyobonyea katikati na kuchakaa kwa miaka yangu yote ya kuni za bure. Akaiweka mkononi mwangu. Ndipo akacheka, kicheko kikaanzia puani.

Tumerudi wote wawili Busunzu. Makubaliano yaliyofikiwa mbele ya wazee ni kwamba kuni ni zangu mpaka haidrojeni itakapofika.

Kwa hiyo, tafadhali, futa malalamiko yote kuanzia namba moja hadi sita. Badala yake andika kwamba katibu wa maji wa Busunzu anaisihi serikali ibebe gharama ya haidrojeni, na ikiwezekana ibebe yote, na upesi, na isiishie kwenye malori. Maji tunayo tele. Suala la foleni nitalishughulikia mwenyewe, na beseni langu la miguuni natoa bure, safari hii bure ya kweli.

Yule afisa bado namkaribisha, wakati wowote, kabla jua halijachomoza. Pombe si lazima. Aje na ngata.