Lailaki ya Mama Maximilla

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kigen, shamba boy wa jirani, amekata fensi yao ya kayaba ikawa sawa kama meza. Watu wa mtaa wetu, Elgon View, wanasimamisha magari kupiga picha. Picha ya miiba! Na mimi Tyson Murunga, fundi kamili, nikae tu? Shule niliachia form two, lakini kichwa hakikuacha.

Mama Maximilla, mwenye boma ninapotunza bustani, anaumwa sana. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Anangoja kitu moja tu: lailaki. Ni kichaka cha majuu cha maua ya zambarau, kinapenda baridi. Marehemu mzee wake alimpandia, akafa kabla kitoe ua hata moja. Mwaka huu ndio mara ya kwanza kuna vichipukizi vinene vya maua huko juu. Mama ameniambia nimwage jivu kwa shina, na makasi nisiyalete karibu. Anataka kunusa ua la mzee kabla aende. Sawa, Mama.

Jumatano, 8 Oktoba
Jemutai, nesi wake, amempeleka kliniki. Nafasi! Lailaki ilikuwa imesimama ovyo, kama nywele ya mtu ametoka kulala. Nikachukua makasi ya fensi. Juu, kando, juu tena. Sanduku safi! Nikamwita Kigen aje aone aumie.

Alichungulia. Kisha akaniuliza maua yatatokea wapi, na vichwa vyote viko kwa wilbaro.

Wivu. Lakini nimeangalia wilbaro.

Ijumaa, 10 Oktoba
Tyson hashindwi. Jakaranda za barabarani zimemwaga maua, rangi ni ile ile ya zambarau. Nimeokota ndoo nzima. Nikayafunga kwa lailaki na uzi, moja moja. Harufu hakuna, kwa hivyo nikamaliza pafyumu yangu yote hapo. Nyuki mmoja alikuja, akageuka.

Alasiri Jemutai akamsukuma Mama kwa kiti chake mpaka hapo. Mama akafunga macho, akanusa. Akanusa tena. Halafu akavuta ua moja, likaja na uzi wake. Nilingoja anitukane. Ningefurahi.

“Tyson,” akasema, “hii ni wewe ninanusa.”

Akaomba arudishwe ndani. Jemutai hajaniangalia tangu hapo.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mama alituacha Jumanne. Leo tumemzika kwa shamba lake huko Kesses, kando ya mzee.

Asubuhi Jemutai alipata tawi moja nyuma ya tangi la maji, chini, mahali makasi hayakufika. Limechanua! Ua moja, dogo kama ngumi ya mtoto. Aliliweka juu ya jeneza, nyumba yote ikanukia. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikuingia. Kumbe ndio hiyo harufu alikuwa anangoja.

Watoto wa Mama waliniambia ning'oe mche wa lailaki uliotoka kwa mizizi niupande kaburini. Nimepanda. Nimeweka na jivu. Jemutai aliniapisha mbele ya watu wote kwamba hiyo sitaigusa na chuma mpaka nife. Nimeapa, mkono juu. Nililia pia, na si uongo.

Lakini ukisimama pale getini unaona kabisa upande wa kushoto wa mche umezidi. Kidogo tu. Na Kigen, naye alikuja mazishi, alikuwa anaangalia. Makasi nilikuwa nimebeba kwa gunia.

Sasa iko sawa.