Mlango wa Kanisa ni Wangu

Alhamisi, 8 Mei 2025
Nina hasira! Mimi Ezéchiel, mpokea watu wa kanisa letu hapa mtaani Yeoville tangu likiwa gereji, leo naambiwa mdomo unanuka. Pasta Hénock anasema waumini wanapitia jikoni kukwepa salamu yangu. Salamu yetu ya Kikongo, kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, kushoto! Eti nisipojirekebisha, Jumapili mlango anapewa Évariste. Évariste! Fundi cherehani anayesalimia kama anapima kola.

Ijumaa, 9 Mei
Nimenunua dawa ya kusukutua. Ya buluu, kali kama mimi. Mswaki nimeutupa, wa nini tena? Mke wangu Jocelyne akanikokota kwa daktari wa meno, binti wa Kikenya, Nyambura. Eti mzee wangu, dawa hiyo inapunguza vijidudu, sawa, lakini utando uliogandia meno hautoki bila mswaki, na ule uliokwisha kuwa mgumu nitaukwangua mwenyewe. Anikwangue mimi, sufuria? Nimekataa. Akanipa vidonge vya kutafuna nikajipime nyumbani: penye utando, jino linageuka zambarau.
Nyumbani! Nina mahali pazuri zaidi.

Jumamosi, 10 Mei
Nasukutua tangu asubuhi. Ulimi umekufa ganzi. Nimemgombeza Jocelyne kwamba chai haina sukari, kumbe ameijaza. Utando gani utabaki humu? Kesho Évariste ataumbuka.

Jumapili, 11 Mei
Nilisimama mbele ya kanisa zima. Nikamwambia Évariste tutafune vile vidonge, mwenye meno machafu auache mlango. Akajibu, sawa papa, kama umependa mwenyewe. Tukatafuna. Yeye akafungua mdomo: meupe, doa moja tu pembeni. Nikacheka kwa dharau, mdomo wazi, nikawageukia akina mama. Mama Angélique akauliza nimekunywa wino wa nani. Jino kwa jino, zambarau! Pasta akampa Évariste mlango pale pale. Na wakapiga vigelegele, wanafiki hawa!

Jumatatu, 12 Mei
Jocelyne ameniletea mswaki mpya. Nimeurudisha dukani kwa hasira. Kosa nimeshalijua: chupa ilikuwa ndogo. Kesho naenda kwenye maduka ya jumla ya Fordsburg kuchukua dumu zima la dawa. Na Jumapili nitasimama getini, nimsalimie kila mtu kabla hajamfikia Évariste. Pasta alitoa mlango. Geti hakulitaja.