Kuhusu Kijiko cha Supu Alichoonja Mpwa Wangu Sandrine

Musinzira, Gitega

Kwa Bwana Mkurugenzi wa hoteli anakohudumu Sandrine, huko Marekani.

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu za mtu ambaye, kutoka Gitega mpaka Muyinga, hakuna harusi iliyopata kufunguliwa kabla hajanyanyua glasi ya kwanza. Enzi za ukimbizi kule Tanzania nilisimamia jiko la kambi nzima, na wakubwa wa misaada hawakuwa wakila mpaka wamuulize Nazario, ndiye mimi. Siku tuliporudi nyumbani kwa amani, lori letu lilisimama mpakani, askari wa pande zote mbili wakaniomba nionje uji wao. Nakueleza haya ujue kwamba hukuandikiwa na mtu wa hivi hivi.

Sandrine ni mtoto wa dada yangu Kasilda wa Buhinyuza. Mlimchukua kwa ile viza ya kubadilishana, ajifunze kazi ya kuhudumia mezani, apate cheti, arudi. Juzi ametutumia sauti kwenye simu, analia. Alimpelekea mzee mmoja supu ya maboga, akachota, akaonja, akatabasamu, akamwekea mbele. Mzee akaruka kama amekalia siafu. Mkuu wa wahudumu akamwambia Sandrine akirudia tu, viza inafutwa na anapanda ndege. Akija bila cheti, ule mgahawa anaotaka kuufungua hapa Musinzira utabaki maneno matupu. Kwa hiyo nalalamika:

1. Kwetu, anayekukabidhi kinywaji bila kukigusa mdomoni mwake kwanza ni adui, au hakulelewa. Anaonja ili mgeni aone hakuna sumu. Mimi ndiye niliyemfundisha Sandrine, akiwa hata kimo cha meza hajafikia. Mmemwadhibu mtoto kwa kumpenda mteja.

2. Kijiko kilikuwa cha mzee mwenyewe. Hakuna mali ya hoteli iliyotumika.

3. Ikiwa Sandrine amekatazwa, nani anaonja hapo? Nilimuuliza. Akasema, "Mjomba, huku hakuna anayeonja, watu wanaamini tu." Bwana Mkurugenzi, watu wazima, na nguo zao nzuri, wanaamini tu? Niliwahurumia wageni wako nikashindwa kumaliza maharage yangu, jambo ambalo halijapata kutokea.

4. Viza ni ya kubadilishana. Sisi tumetoa Sandrine. Nyinyi mmetoa nani? Kasilda alishapaka chokaa chumba cha nyuma, akanunua na godoro, na majirani wanamsumbua, "Mama Sandrine, Mzungu wako anafika lini?" Tulinyamaza kwa adabu. Sasa tunamdai huyo mkuu wa wahudumu. Atalala vizuri, atapalilia mihogo, na jioni nitamfundisha kuonja.

5. Kwa kuwa nafasi ya mkuu huyo itabaki wazi, nimekubali kuijaza. Niandalieni viza na cheo cha Mwonjaji Mkuu, kila sahani ipite kwangu kabla ya kufika mezani. Msihofu kwamba nitapunguza chakula. Kwenye harusi ya Venansi, kule Giteranyi, nilionja jagi zima la pombe ya ndizi, maana sumu hupenda kukaa chini, na hakuna mgeni aliyekufa.

Barua hii Sandrine mwenyewe atakusomea kwa Kiingereza. Akicheka katikati, msubiri amalize.

Nisalimie wapishi, waosha vyombo, na yeyote anayefungua milango. Mzee wa supu mwambie hatuna kinyongo naye. Kasilda amemwombea kanisani.

Mlinzi wa matumbo ya wageni,
Nazario Barutwanayo,
Mjomba

Baada ya sahihi: Nimeiandika barua hii kwenye mgahawa wa jirani yangu Hidaya, nikiisoma kwa sauti ili wote wafaidike. Nilipomaliza, Hidaya akaniletea mchuzi wa samaki, akachota kwa kijiko changu, akaonja kwa adabu zote, akatabasamu, akaniwekea mbele. Nimemwomba aniletee bakuli jingine. Na kijiko kingine. Mgahawa mzima unanicheka mpaka sasa. Basi mwambieni Sandrine aache kuonja supu za watu, ila tafadhali asijue kwamba ni mimi niliyesema.