Kimya cha Safaa Kimetukwamishia Posa Wingwi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. U hali gani wewe na watu wa nyumbani kwako? Kifua hakikusumbui na vumbi la huko Dar? Sisi huku Wingwi, Pemba, tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu, na kitabu chako.

Mie naitwa Mwatum binti Hija, mama wa Khairat. Skuli niliishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma. Mwanangu kaja na riwaya mliyoichapisha nyinyi, *Keki Imelalia Upande*, nikawa nawasomea wenzangu jioni tukichambua karafuu. Kitabu kinachekesha, sikatai. Pale Ridha anapoifikisha keki ya harusi kwenye msiba, jirani yangu Bi Ummi alicheka hata akarudisha makonyo, vile vijiti vya kutupwa, kwenye karafuu zilizokwisha chambuliwa. Lakini nina malalamiko.

1. Ridha anamposa Safaa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, barabarani, ana krimu ya keki sikioni. Hana baba? Hana ami? Hana hata jirani mwenye kanzu? Tukamsitiri, tukasema labda yatima.

2. Safaa akanyamaza, na sura ikaishia hapo. Nawe wajua, mwanamwali akiulizwa posa akanyamaza, basi karidhia. Ndivyo tulivyosomeshwa chuo cha Kurani. Tukapiga vigelegele. Bi Ummi akachinja jogoo wake, tukala, tukawaombea dua wapate watoto wema. Kesho yake nafungua sura ya pili yake, kumbe Safaa kanyamaza kwa hasira! Anamwambia Ridha amwondokee machoni. Na jogoo keshaliwa, Mhariri.

3. Hili ndilo linaloniuma. Ijumaa Mzee Nyange, mshenga, kaja kumletea Khairat posa ya Silima, mwalimu wa skuli, kijana wa sala tano, mpole hata humpisha mbuzi njia. Nami nakiri sijapata kumtamani mkwe kama huyu. Kwa tahadhari, asubuhi ile nilikuwa nimeshamnyang'anya Khairat kitabu, zimebaki sura mbili, nikakifungia sandukuni. Shangazi yake kaingia ndani kumuuliza. Khairat kanyamaza. Zamani hapo ingesomwa Fatiha. Safari hii shangazi mtu katoka, kaganda mlangoni, maana naye alikuwepo kwenye karafuu: hiki ni kimya cha kuridhia, au ni kimya cha Safaa? Hakuna aliyethubutu kusema. Mzee Nyange kamaliza birika zima la chai akingoja, kisha kaondoka kofia mkononi. Silima, nasikia, chakula hakipiti, na darasani anawaitikia wanafunzi "amini" badala ya "marahaba".

4. Mume wangu, Bwana Mjaka, tangu anioe hula kimya, nami hujua kapenda. Sasa kila tonge namkodolea macho. Jana kaniuliza kama nimemtilia kitu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kitabu kichapwe upya na Safaa ajibu ukurasa uleule. Ikiwa haiwezekani, mlete wazee wa Ridha hapa Wingwi, sisi tutasimama upande wa Safaa, tuifunge ndoa hiyo kwa taratibu. Na likishindikana hilo, uje wewe mwenyewe, uvae koti, umwambie Mzee Nyange kuwa kimya cha mwanangu ni kile cha zamani. Mpaka hapo, kitabu kisiuzwe kwa mwanamwali yeyote.

Wasalimie wote ofisini, anayepiga chapa na anayefagia. Bi Ummi anakusalimu, ingawa kwa huzuni ya jogoo.

Ni mie dada yako katika imani,
Mwatum binti Hija

Tanbihi: Kabla sijaibandika bahasha, Khairat kafungua mdomo. Kumbe kimya kile hakikuwa cha posa. Kaninunia mie, kwa kumkatia kitabu pakiwa patamu! Silima mwanangu anamtaka, na kitabu chenyewe ndiye aliyemletea. Nimefungua sanduku. Kazisoma zile sura mbili, kacheka, kalia, kisha kasema "nimekubali" kwa sauti hata Bwana Mjaka kasikia bandani kwa ng'ombe. Na Safaa naye, mwisho wa kitabu, kakubali! Bi Ummi anamfukuza jogoo mwingine sasa hivi. Basi barua hii isome, lakini usiifuate. Usibadilishe hata nukta. Niambie tu kama ipo sehemu ya pili, maana karafuu bado nyingi. Tafadhali nijibu upesi.