Shemeji na Waipa Zilizogoma

Wingu lilipoanza kutanda upande wa sokoni, watu wenye akili zao walikimbilia kuanua nguo, na Shemeji akaanza kupiga mluzi. Mvua kwake ilikuwa msimu wa mavuno. Jua likiwaka, gari zima na gari bovu hutembea kwa heshima ileile. Yakianguka manyunyu ndipo yanapojulikana magari yenye waipa na yale yanayojikaza tu. Na kila alipoonekana dereva ametoa kichwa dirishani ili aione njia, Shemeji hakuwa mbali.

Jina alilopewa na wazazi wake hata mkewe alikuwa ameshaacha kulitumia. Yeye alimwita kila mtu shemeji, awe askari, muuza maji au mama mtu mzima, na mwishowe mji mzima ukamrudishia jina hilo likawa lake. "Mtu ukishamwita shemeji," alipenda kueleza, "anaona haya kukuitia polisi. Kwanza anaitisha kikao cha familia. Na mpaka kikao kikae, mimi nimeshahama mtaa."

Kuhusu waipa alijua mambo matatu, na yote yalikuwa ya kweli. Ukiwasha swichi zikanyamaza kimya, tazama fyuzi kwanza. Mota ikinguruma na mikono isisogee, kuna nati imelegea. Mikono ikienda na kioo kikabaki na michirizi, raba zimechoka, nunua nyingine. Elimu hiyo ingetosha kumlisha mtu mwaminifu, na hiyo ndiyo kasoro Shemeji aliyoiona ndani yake. Yeye fyuzi ya bei ya pipi aliigeuza kuwa mota iliyoungua. Aliing'oa mota ya mteja, akaenda nayo mahali alipopaita "stoo", yaani nyuma ya choo cha stendi, akaisugua kwa petroli, akaipulizia rangi ya fedha, akairudisha ndani ya mfuko wa nailoni eti imetoka ng'ambo jana. Mteja aliinunua mota yake mwenyewe na kushukuru.

"Mimi ni kama daktari," aliwahi kumwambia mkewe. "Tena wagonjwa wangu wote wanapona."

"Kwa sababu hakuna aliyekuwa anaumwa," mkewe akamjibu, akaendelea kupanga mayai.

Mkewe alikuwa akisambaza mayai madukani kwa pikipiki aliyoinunua kwa jasho lake. Pikipiki hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, ikavalisha watoto, na, tusifichane, ikamvalisha na Shemeji. Mara mbili alikuwa amejaribu kuibadilisha kwa biashara ya maana zaidi, kwa maneno yake, na mara mbili mkewe akaiwahi njiani. Mara ya pili hakugomba. Alimkalisha kitandani akamwambia polepole, "Baba watoto, pikipiki hii ikipotea, usirudi. Nitajua mmeondoka pamoja." Shemeji alicheka siku hiyo, lakini usiku hakulala vizuri, maana mwanamke yule alimpenda kweli na hakuwa na mwingine wa kumvumilia duniani.

Kwa hiyo siku hiyo ya mawingu, mkewe alipomkabidhi mwenyewe ufunguo na kumtuma apeleke trei za mayai kwenye duka lililo jirani na saluni, Shemeji alishangaa. Hakuuliza lakini. Alipeleka mayai salama, likapasuka moja tu, na alipokuwa akigeuza pikipiki ndipo aliposikia sauti ya mama ikilalamika ndani ya uwanja wa saluni.

Lilikuwapo gari la zamani la rangi ya maziwa, limeegeshwa chini ya paa la mabati. Mwenye saluni alikuwa amekaa kwenye usukani, anafuta kioo kwa taulo la wateja, huku akiyatazama manyunyu kwa uchungu.

"Pole, shemeji yangu," Shemeji akaingia bila hodi. "Chombo kinasumbua?"

"Waipa, baba. Nina safari, mvua ndiyo hiyo, na hizi zimegoma."

"Umepata fundi. Zungusha ufunguo kidogo tu, injini acha kwanza. Haya, washa waipa."

Taa nyekundu ziliwaka kwenye dashibodi. Mama Saluni akabonyeza swichi. Shemeji akaweka sikio kwenye kioo, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kimya kabisa, hata mguno hakuna. Fyuzi, moyo wake ukamwambia.

Akaomba maji ya kunywa. Mama alipoingia ndani kuyachota, Shemeji alipitisha mkono chini ya usukani, akachomoa fyuzi ya waipa, akaiinua kwenye mwanga. Waya wake ulikuwa umekatika katikati. Akairudisha mahali pake kwa adabu.

Mpaka hapo alikuwa mwizi wa kawaida, na lau angebaki hapo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Angefanya ile kazi yake ya kupaka rangi mota, angekula, angeondoka. Lakini alilizunguka gari. Bodi haikuwa na kutu. Viti vilikuwa vimevikwa vitambaa safi. Matairi yalikuwa na meno. Akaanza kuota mchana kweupe: anampa mama yule pikipiki, analichukua gari, anabandika fyuzi, analiuza jioni hiyohiyo, ananunua pikipiki mbili, na mkewe analia kwa furaha akimwomba msamaha. Wahenga walisema tamaa mbele mauti nyuma, ila Shemeji siku zote aliamini wahenga hawakuwa wafanyabiashara.

Mama Saluni akarudi na maji. Shemeji akayanywa yote, akashusha pumzi, akatikisa kichwa.

"Shemeji, una watoto?"

"Wawili, baba."

"Basi tumshukuru Mungu hujaliwasha leo."

"Kwani lina nini?"

"Gari la zamani likitaka kufa linaanzia kwenye waipa, kama mtu anavyoanzia kwenye macho. Waya zote humo ndani zimeoza. Ukigusa injini tu, cheche inapita, inakwenda kwenye tangi, na hapa pote panabaki majivu."

Wanawake wawili waliokuwa wakisukwa walitoka mlangoni, mmoja na kitana kimechomekwa kichwani.

"Lakini baba, injini yake haijawahi kunilalamikia," Mama Saluni akasema. "Hebu niwashe uisikie mwenyewe."

"Mama, usithubutu." Shemeji akamshika mkono uliokuwa ukielekea kwenye ufunguo.

"Basi nikufungulie boneti utazame."

"Boneti ndiyo kabisa usiiguse. Hewa ikiingia, tumekwisha. Kuna bwana mmoja alifungua yake, mpaka leo hana nyusi. Anachora kwa wanja."

Mama Saluni alishika shavu. Aliuliza sasa afanyeje. Shemeji akatazama chini, akawa mtu anayepigana na huruma yake mwenyewe na kushindwa. Hatimaye akasema atalichukua yeye, hatari yote iwe juu yake, auze vyuma chakavu. Na kwa kuwa mama ana safari, atamwachia pikipiki yake.

"Gari kwa pikipiki? Watu watanicheka."

"Heri wakucheke ukiwa hai, shemeji."

"Na wewe huogopi kuungua?"

"Mimi? Uso huu hata moto ukipita, utautengeneza tu."

Wanawake wa mlangoni walicheka, na Shemeji akacheka kuliko wao. Alikuwa na desturi ya kujicheka mbele ya mtu anayemwibia. Anayejicheka, alisema, haogopwi. Mama Saluni akabishana kidogo, akaguna, akakubali. Kadi za umiliki watabadilishana kesho, walipatana, kama ilivyo kawaida ya watu wanaodanganyana. Mama akavaa helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, akaipiga pikipiki teke moja ikaitika, akaingia nayo barabarani. Mama aliyekuwa akiiogopa mvua akiwa ndani ya gari aliingia kwenye mvua hiyo juu ya pikipiki bila hata kugeuka, na Shemeji hakuona ajabu yoyote.

Alisubiri mlio upotee kabisa. Kisha akatoa fyuzi nzima mfukoni, akaibandika, akabonyeza swichi. Waipa ziliamka, zikafuta kioo kulia na kushoto kwa utulivu kabisa. Shemeji alizitazama kwa mapenzi. Mmoja wa wale wanawake akampigia makofi, naye akainamisha kichwa kupokea sifa.

Akazungusha ufunguo mpaka mwisho. Tik. Akazungusha tena. Tik. Waipa ziliendelea na kazi yao. Akashuka, akaenda mbele, akafungua boneti aliyowakataza watu wasiiguse.

Betri ilikuwapo. Mota ya waipa ilikuwapo, tena nzuri. Chupa ya maji ya kioo ilikuwapo. Na pale panapokaa injini palikuwa na gunia, na juu ya gunia kuku anaatamia, akamtazama Shemeji kama mwenye nyumba aliyefunguliwa mlango na mgeni asiyemjua.

"Injini iliuzwa miaka mingi iliyopita," akasema yule wa kitana, kwa upole. "Mama huwa anakaa humo kusikiliza redio."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Alitaka kukuwashia, ukakataa. Akataka kukufungulia, ukamshika mkono."

Mtu mwema anayenunua gari huliwasha, hulifungua, huinama chini yake na kulipigapiga. Yeye tu, kwa kuulinda uongo wake, alikuwa amejizuia mwenyewe asione. Alirudisha boneti taratibu ili asimsumbue kuku, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, na mvua ikamnyeshea bila ubaguzi.

Njiani alijaribu uongo mmoja baada ya mwingine. Imeibwa. Imekamatwa na askari. Nimemwazima mgonjwa akimbizwe hospitali. Kila aliouchukua aligundua alishautumia mwaka huo, na mmoja aliutumia mara mbili. Alipofika mlangoni alikuwa amelowa mpaka soksi, na anaogopa. Hakuogopa makelele, kwa kuwa mkewe hakuwa mtu wa makelele. Aliogopa asije akaambiwa kwaheri kwa sauti ya kawaida.

Mkewe alikuwa kwenye mkeka, anafuta mayai.

"Pikipiki iko wapi?"

Shemeji akafungua mdomo. Ule wa hospitali ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akamwona mkewe ameacha kufuta yai, amelishika tu, anasubiri, na macho yake yamechoka kabla hajasikia lolote.

"Nimetapeliwa," akasema.

"Na nani?"

Akafikiri. Maji yalikuwa yakimdondoka sakafuni.

"Na mimi mwenyewe."

"Huyo namjua," mkewe akasema. "Hata mimi alinitapeli, mpaka nikamzalia."

Pazia la chumbani likasogea, akatoka Mama Saluni na kikombe cha chai mkononi. Shemeji akachungulia nyuma yake. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kando ya kitanda, kavu, imefunikwa shuka alilokuwa akilalia yeye.

Huyo mama ndiye aliyekuwa akimsuka mkewe tangu siku ya harusi. Shemeji hakujua, kwa sababu angeulizwa mke wake anasukwa wapi, angejibu kichwani. Fyuzi waliiunguza wenyewe kwa kijiti cha kiberiti.

"Nilimwambia dada, wewe jitolee kumwashia," mkewe akaeleza. "Atakukataza mwenyewe. Nimekaa naye, namjua. Nilitaka nione atakuja na neno gani hapa mlangoni. Baba watoto, ungesema imeibwa, nguo zako nilishazifunga."

Akaonyesha kwa kidevu. Fuko lilikuwa pale nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba, kubwa kuliko Shemeji alivyofikiri nguo zake zinaweza kujaa. Akaketi sakafuni palepale kwenye maji yake. Akacheka, kisha ikawa si kicheko, akajifuta uso kwa mkono uliolowa na kuzidi kuulowesha.

"Na gari lako, baba?" Mama Saluni akauliza. "Tumebadilishana kihalali, pikipiki nimemrudishia mwenyewe. Uwanja wangu nautaka kesho asubuhi. Kuku nitamhamisha mimi."

Mkewe alikuwa ameshaamua litakalofanyiwa: litawekwa mbele ya nyumba, viti vitolewe, liwe duka la mayai lenye milango inayofungwa. Kulipeleka ilikuwa kazi ya mwenye gari.

Asubuhi mvua ilinyesha kweli, si manyunyu. Mji uliona gari la rangi ya maziwa likipita polepole katikati ya barabara, mke ameshika usukani, mkavu, ameketi wima, na nyuma Shemeji akilisukuma kwa bega, viatu vikiteleza matopeni. Madereva aliowahi kuwauzia mota zao walipunguza mwendo ili wafaidi vizuri. Mmoja alishusha kioo.

"Shemeji, gari limekufa?"

Shemeji aliinua uso uliojaa maji. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitoa maelezo ya kweli kuhusu gari, tena bure.

"Injini haipo, shemeji," akasema akihema. "Lakini waipa zake hazina tatizo."